Navalayo wa Kitanda cha Tisa

Shangazi yangu Risper si mtu wa kutia chumvi. Haya aliyaona kwa macho yake, mwaka wa tisini na nne.

Wakati huo alikuwa akitunza wazee Kakamega, katika jengo kuukuu la mawe lililokuwa hospitali ya Wakatoliki. Hospitali ilipofungwa, kanisa liligeuza wodi zake kuwa makao ya wazee. Wodi ya kujifungulia ikawa bweni la akina bibi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida tu: kuwaogesha, kuwapa uji, kuwasikiliza wakirudia hadithi zilezile.

Kitanda cha tisa kilikuwa cha Navalayo, mjane kutoka Navakholo. Mwanawe Lusweti alimleta, akasema atamchukua miwa ikishavunwa. Miwa ilivunwa, hakuonekana. Bibi hakumlaumu. Alitaka kitu kimoja tu, kurudi nyumbani kabla hajafa.

Jumanne moja Zilpah, jirani yao wa Navakholo, alikuja kumwona dada yake aliyelazwa bweni lilelile. Alipofika kitanda cha tisa alirudi nyuma hatua mbili. Akamvuta shangazi pembeni.

"Huyu tulimzika Aprili," alinong'ona.

Lusweti alikuwa amewaambia watu kwamba mto Nzoia umemchukua mama. Kwetu, maiti isipopatikana, huzikwa shina la mgomba badala yake. Basi wakalivisha shina gauni la maua la Navalayo, wakalitia jenezani, wakaomboleza siku tatu. Aliyelia kuliko wote ni mbwa yule Lusweti. Kabla matanga hayajaisha alikuwa ameshauza shamba la mama.

Navalayo alisikia yote. Masikio yake yalikuwa mazima.

"Nipeleke nyumbani, Risper," alisema. "Wanione."

Kesho yake wakaenda na pikapu ya makao. Ilikuwa saa sita mchana, jua la kuchoma. Walipoingia kijijini milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Aliyekwisha kuzikwa hapokelewi, na akikuita huitiki. Ukiitika, anaondoka na wewe.

Lusweti alisimama uani. Hakumtazama mama yake hata kidogo.

"Mrudishe," alimwambia shangazi. "Huyo ako na kaburi yake."

"Lusweti," bibi aliita. "Lusweti, mwanangu."

Hakuitika. Nikifika hapo hasira hunipanda mpaka leo. Walirudi Kakamega.

Alhamisi asubuhi shangazi alipeleka uji. Akafunua blanketi la kitanda cha tisa. Palikuwa na shina la mgomba. Bichi. Limevaa gauni la maua, lenye udongo. Utomvu ulikuwa ukichuruzika kwenye shuka. Madirisha yalikuwa na vyuma, na ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwa shangazi.

Walimtafuta siku tatu, kwenye miwa, kwenye mitaro, sokoni. Jumapili, misa ikiendelea, Zilpah akatokea tena.

"Anaita," alisema. "Tangu Alhamisi. Ako chini."

"Chini wapi?"

"Kwa kaburi. Analianga mchana kutwa."

"Na hamjachimba?"

"Lusweti amekataza. Anasema tukiitika, tumeisha." Akageuka kutazama nyuma. "Leo kasauti kamekuwa kadogo."

"Anasema nini?"

"Anamwita Lusweti. Anaomba maji."

Walipofika Navakholo walisikia redio kwanza. Lusweti alikuwa ameiweka juu ya kaburi, imefunguliwa hadi mwisho, na yeye amekaa kando yake akitafuna muwa. Shangazi akaizima. Kimya. Hakuna sauti yoyote iliyotoka ardhini.

Akawashika wanaume wawili mashati, akawalazimisha kuchimba. Udongo ulikuwa mgumu. Nyasi zilikuwa zimeshikana, mizizi mirefu, hakuna mkono uliopitia pale tangu Aprili. Wakafikia jeneza. Wakang'oa misumari.

Navalayo alikuwa ndani, amevaa gauni la buluu la makao. Kifuniko kilikuwa kimekwaruzwa kwa ndani. Kucha hazikuwepo. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

Lusweti akachungulia shimoni.

"Sasa amekufa?" aliuliza.

Shangazi akashuka, akamgusa bibi shavu. Hakuwa akipumua tena, lakini shavu lilikuwa bado na joto.