Mkono wa Pili wa Vanishi

Jamani, kinyozi wa mtaa wetu alikuwa mtu wa kupigiwa mfano. Hanywi, hazururi, akifunga kibanda chake, moja kwa moja nyumbani kwa mkewe na mama yake. Siku za mapumziko ungemkuta mama huyo sebuleni, madirisha wazi, akimtania mwanawe: "Unanyoa mtaa mzima, wewe mwenyewe kichwa kama kichaka!" Nyumba nzima inacheka.

Kisha kinyozi akapata wazo la kutengeneza mtumbwi. Nia yake ilikuwa njema, hilo simnyimi. Mama yake mdogo aliishi ng'ambo ya mto, na daraja liko mbali. "Nitakuvusha mwenyewe, mama, ukamwone mdogo wako," alisema. Uwanja hana, basi mtumbwi akaujenga sebuleni. Viti vikatoka, mbao zikaingia. Mama, ambaye alikuwa na pumu na miguu isiyo na nguvu, akahamishiwa chumbani, mlango ukafungwa kwa ajili ya vumbi la msasa. Akimwita mwanawe waongee, jibu ni lile lile: "Baadaye, mama." Nasi majirani tukipita tunasifu, eti kijana ametulia nyumbani! Ametulia wapi? Mwili tu ndio uliokuwa mle.

Siku ya kuupaka mtumbwi vanishi, mkewe alimwambia kabla ya kwenda kazini, "Harufu hii mama hataiweza. Mpeleke kwa jirani kwanza."

"Nitampeleka, usiwe na wasiwasi."

Hakumpeleka. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la vanishi, ulipokauka, aliona upepo unaleta vumbi la barabarani na kulinatisha kwenye mbao. Akafunga madirisha yote, hata la chumbani kwa mama, maana upepo ulipenya chini ya mlango. Akaanza mkono wa pili. Vanishi ukiiachia katikati, alama inabaki, naye hakutaka alama. Mama akaanza kukohoa.

"Mwanangu, nifungulie dirisha."

"Namalizia, mama."

"Mwanangu..."

"Upande mmoja tu umebaki!"

Baadaye kukawa kimya. Akadhani amelala, akashukuru. Alipomaliza ndipo akafungua mlango. Mama alikuwa sakafuni, akipapasa chini ya kitanda kutafuta kichupa chake cha kuvuta dawa.

Kinyozi alipiga yowe, tukakimbilia. Lakini tungemtoaje? Madirisha yana nondo, na mtumbwi ulikuwa umeziba sebule. Ilibidi tuutoe huo kwanza, tukiuinamisha na kuugeuza mlangoni, vanishi mbichi ikitunatia viganjani, huku mama wa watu anahema kwa shida nyuma yetu. Alifia njiani kuelekea hospitali.

Mama mdogo alikuja mazikoni kwa kuzungukia darajani. Alimshika kinyozi mabega, akamuuliza kwa upole, "Hukumsikia akiita, mwanangu?"

"Nilimsikia, mama mdogo," alijibu. "Nilimsikia kila mara."

Funzo

Ndugu zangu, kukaa nyumbani si lazima kuwe ni kuwajali walio nyumbani. Kazi ya mikono hurudiwa. Mbao hupigwa msasa upya na alama ikatoka. Mzazi, mgonjwa au mtoto akikuita, weka brashi chini uende, hata kama unachokitengeneza ni chake.