Sabuni ya Wakaguzi

Kila siku akitoka shule, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia kituo cha afya, akaketi kwenye benchi la wodi ya wazazi na kufanya hesabu zake huku akimsubiri mama yake. Mama ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu wa wodi hiyo. Wauguzi walimbandika msichana jina la Redio, kwa sababu akianza kuongea hana kituo. Alijua nani kajifungua, nani kakataa uji, na kichanga gani kina masikio ya babu yake.

Kwa macho, wodi ilikuwa safi. Sakafu ilipigwa deki mpaka ikang'aa. Lakini kwenye sinki la kunawia mikono palikuwa na kipande cha sabuni chembamba kama ganda la kitunguu, na taulo moja lililofuta mikono ya zamu nzima. Si kwamba sabuni haikuwepo. Ilijaa tele kabatini, ya maji, kwenye chupa za kubonyeza, pamoja na taulo za karatasi, na funguo mama alizivaa shingoni. Alikuwa na tabia ileile ya wale wanaofungia vikombe vizuri mwaka mzima vikingoja wageni. Wenzake wakiomba, aliwaambia hiyo wasiichezee, ni ya wakaguzi.

Mwezi huo akina mama kadhaa walirudi na homa kali baada ya kujifungua. Mmoja alibebwa hajitambui, akakimbizwa hospitali kubwa, akapona kwa taabu. Ndipo habari ikaja kwamba mkaguzi yuko njiani, na wodi ikikutwa na kasoro itafungwa. Hospitali kubwa ilikuwa mbali, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku angefikaje huko?

Siku ya ukaguzi kabati likafunguliwa, chupa mpya zikapangwa juu ya sinki. Muuguzi mmoja kijana akamwambia Redio leo atoe betri kabisa. Wengine walicheka, mama hakucheka.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Sakafu hakuitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinki, akabonyeza chupa. Haikutoa kitu. Akabonyeza tena, kimya. Kumbe pampu ilikuwa bado imefungwa vilevile ilivyotoka dukani, na hakuna aliyekumbuka kuifungua. Akamgeukia msichana kwenye benchi.

"Binti, nasikia wewe unashinda hapa. Chupa hii ni mwenyeji au mgeni?"

Redio alimtazama mama yake. Akisema, wodi inaweza kufungwa na mama ndiye atakayebeba lawama. Lakini alimkumbuka yule mama aliyebebwa, kichwa kikining'inia.

"Ni mgeni," alisema. "Imetoka kabatini leo asubuhi."

Mama akavua funguo shingoni, akamkabidhi mkaguzi, akakiri kwamba binti yake amesema kweli. Mkaguzi hakufoka. Alisema atarudi, ila siku hataitaja, na akikuta mambo ni yaleyale ataifunga wodi siku hiyohiyo.

Njiani kurudi nyumbani Redio alitembea nyuma ya mama, akijua leo yamemfika.

"Umeniaibisha, mwanangu," mama alisema. "Lakini aibu hii niliipika mwenyewe. Njoo unisaidie kuila."

Redio, betri zimerudi, akaeleza wazo lake. Wauguzi husahau kunawa wakizidiwa na kazi, ila wagonjwa wako kitandani wanatazama mlango tu. Wapewe ruhusa ya kumwuliza kila anayewakaribia kama amenawa. Mama akaguna, akauliza ni mgonjwa gani atakayemwuliza daktari.

"Si afadhali daktari anune kuliko mtu apate homa?"

Kesho yake mlango wa kabati uling'olewa, na Redio akapita kitanda hadi kitanda akitangaza. Daktari alinuna kweli siku mama wa mapacha alipomrudisha sinkini. Baadaye akawa anaingia amenyoosha mikono yenye maji kabla hajaulizwa. Homa zikapungua, kisha zikakoma.

Alasiri moja, saa ya kuona wagonjwa, mwanamke mwenye kilemba na kapu la machungwa aliingia, akamnyooshea mikono mtoto mchanga wa kitanda cha mwisho. Bibi wa mtoto akamkumbatia mjukuu wake.

"Mikono hiyo umeinawa?"

"Ni safi, mama, nimetoka nayo nyumbani."

"Hata ungetoka nayo mbinguni. Sinki lile pale."

Mgeni akaenda, akabonyeza chupa, povu likajaa viganjani. Alipomaliza akavua kilemba, na Redio akaruka kutoka kwenye benchi. Alikuwa yule mkaguzi, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Akatangaza kwamba wodi haifungwi, na kwamba atawaleta wauguzi wa vituo vingine waje kujifunza hapa. Wodi nzima ikalipuka kwa vigelegele, vichanga navyo vikaitikia kwa vilio. Bibi alipoambiwa mgeni ni nani, alisema haya, sasa ambebe, ila aketi kwanza asije akamwangusha.

Mama akamvuta Redio kifuani.

"Nilikuwa natunza sabuni kwa ajili ya mtu anayekuja siku moja," alisema, "nikawanyima walio hapa kila siku. Kazi njema hufanywa hata kama hakuna anayekuja kuitazama. Na ule ukweli wako uliniuma, mwanangu, lakini ndio uliowaponya hawa."