Hatua Tatu

Kabla ya mtu yeyote kugusa mpira, watoto wa timu ya Kawanishi walipanga mstari kando ya uwanja, wakavua kofia, wakauinamia uwanja na kusema kwa sauti moja, "Tunaomba kucheza!" Mazoezi yakiisha waliuinamia tena na kuushukuru, kisha wakachukua reki pana za mbao na kusawazisha udongo mpaka alama za viatu zikafutika. Aliyetoroka kabla ya kusawazisha aliitwa mgeni, hata kama alizaliwa hapo hapo Fujieda.

Chinatsu Mochizuki, msichana wa darasa la sita, hakuwahi kutoroka. Alikuwa beki wa kati tangu darasa la nne. Wenzake walipigania kufunga mabao, yeye akafurahia kuyazuia. Alipenda kumwona mtu amekimbia uwanja mzima, anakaribia kupiga, halafu mpira unamtoka miguuni na yeye anabaki kushangaa. Akiulizwa atakuwa nani akikua, hakufikiri mara mbili. "Beki," alijibu. "Wa kulipwa."

Basi mwezi wa nne akaja Wakana Kudo. Baba yake alihamishiwa kazi Fujieda kutoka Aomori, kaskazini kabisa mwa Japani, kwenye theluji na matufaha. Wakana alikuwa mrefu, mkimya, na alipofungua mdomo alitoa lafudhi ya kwao ambayo ilimfanya Genta, kipa wa timu, acheke mpaka ashike tumbo. Lakini mpira wa juu ulipokuja, hakuna aliyecheka. Wakana aliruka na mpira ukarudi ulikotoka.

Mwezi wa sita kocha akasema, "Wakana, simama kati. Chinatsu, nenda kulia."

"Kulia, kocha?"

"Kulia. Wewe una mbio."

Chinatsu alikwenda kulia. Tuseme ukweli: aliona wivu. Huu haukuwa ule wivu mdogo wa kuona mwenzako ana kalamu mpya. Ulikaa naye mezani wakati wa chakula, ukamfuata shuleni, ukarudi naye nyumbani. Alichukia jinsi Wakana alivyofunga nywele. Alichukia viatu vyake. Siku Wakana alipoleta matufaha aliyotumiwa na bibi yake, Chinatsu alipokea lake kwa mikono miwili, akashukuru vizuri kabisa, na alipopinda kona akampa Genta.

"Wewe hulitaki?" Genta aliuliza, tayari ameling'ata.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na tumbo linanguruma nalisikia hapa?"

Kocha wao, Bwana Masuda, aliwahi kuwa beki wa kulipwa kwa misimu kumi na minne katika timu tatu. Sasa alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai cha shemeji yake, na alifika mazoezini akinukia majani ya chai. Watoto walipenda kumchokoza.

"Kocha, misimu yote hiyo ulifunga mabao mangapi?"

"Mawili."

"Mawili tu!"

"Na moja kati ya hayo nilijifunga."

Kila mchezaji alikuwa na daftari lake la mpira. Baada ya kila mechi aliandika humo alichofanya na alichokosea, yeye mwenyewe, si mwenzake. Kocha aliyakusanya Jumatano na kuyarudisha Jumamosi yakiwa na majibu ya kalamu nyekundu. Ukimlaumu mwenzako humo, alikurudishia daftari bila neno hata moja, na hilo liliuma kuliko kufokewa.

Mwezi wa kumi ulikuwa na jambo zito. Kocha alitakiwa kupeleka jina la beki mmoja kwenye mazoezi ya timu ya mkoa, ambako makocha wa timu kubwa huja kutazama. Beki mmoja tu. Chinatsu alijua kuwa asiyesimama kati hatazamwi.

Jumapili moja walicheza uwanjani kwao na watoto wa Yaizu, mji wa jirani. Mpaka dakika mbili za mwisho hakuna aliyefunga. Wakana alikuwa amezuia kila kitu, na kila mara akina mama walipopiga makofi kando ya uwanja, Chinatsu alihisi kama wamemkanyaga mguu.

Ndipo krosi ikatoka upande wa kushoto. Wakana aliinua macho kuufuata mpira. Nyuma yake, polepole, mshambuliaji wa Yaizu akajipenyeza. Wakana hakumwona. Chinatsu alimwona.

Mabeki wana sheria moja ambayo hata watoto wa darasa la kwanza wanaijua. Anayeona, anaita. "Mtu nyuma!" Ni maneno mawili tu, na Chinatsu alikuwa ameyapigia kelele mara elfu. Siku hiyo yalifika kooni, akayameza.

Mpira ukatua, mshambuliaji akaugusa, wavu ukatikisika.

"Wakana!" Genta alifoka akiwa bado yuko chini. "Umelala?"

Baada ya mechi walikaa duara kwenye udongo kama kawaida, kila mmoja aseme kosa lake. Wakana alisimama. "Kosa langu," alisema, machozi yakimtiririka. "Sikutazama nyuma. Nisameheni." Akainama mpaka nywele zikagusa magoti.

Zamu ya Chinatsu ikafika. "Mimi nilikuwa mbali," alisema. "Nisameheni." Naye akainama.

Wenzake waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Kwenye duara lile mtu akijilaumu huonekana mnyenyekevu, na hakuna anayemchunguza mnyenyekevu. Uongo wa Chinatsu ulipita katikati yao umeinamisha kichwa. Kocha Masuda peke yake ndiye aliyemtazama kidogo, kisha akasema, "Anayefuata."

Nyumbani mama yake alimwuliza, "Vipi leo?"

"Tumefungwa moja."

"Pole, mwanangu. Na wewe je, umecheza vizuri?"

"Mimi sikukosea kitu, mama." Akafungua daftari na kuandika: Nilikuwa mbali. Kisha akala wali na samaki, na havikuwa na ladha.

Jumatano kocha alitangaza, "Wakana, pumzika kidogo upande wa kulia. Chinatsu, rudi kati."

Alichokitaka kwa miezi minne kilikuwa mkononi. Chinatsu alisimama kati kwa fahari, na kwa muda alijisikia vizuri kweli. Halafu mpira mrefu ukapigwa, akaukodolea macho, na kutoka kulia ikaja sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikipanda kiasi kile, na lafudhi yake yote ya Aomori: "Mtu nyuma!" Kunguru waliruka kutoka kwenye uzio. Chinatsu akageuka, akamkuta mshambuliaji yupo mgongoni, akaondoa mpira kwa ncha ya kiatu.

Walipokuwa wanasawazisha uwanja, Wakana alisogea na reki yake.

"Kulia si kubaya," alisema. "Ukiwa kulia unaona kila kitu."

Chinatsu alibana reki. "Unamaanisha nini?"

"Namaanisha hivyo tu. Ndiyo maana siku zote unaniita mapema." Wakana alivuta udongo, kisha akasema, "Jumapili nilikuwa nasikiliza sauti yako. Sikuisikia, nikajua hakuna mtu. Sikujua kwamba ulikuwa mbali."

Chinatsu alisawazisha sehemu ile ile mara tatu.

Jumamosi madaftari yakarudi. Chini ya maneno yake, "Nilikuwa mbali," kulikuwa na swali moja kwa kalamu nyekundu: Mbali hatua ngapi?

Wazo la kwanza lilikuwa kuandika kumi. Nani angejua? Alama zote zilishafutwa kwa reki. Lakini mkono ulikataa. Mazoezi yalipoisha na wenzake wakaondoka, alirudi uwanjani. Alisimama pale aliposimama Jumapili, akatazama pale aliposimama Wakana, akaanza kutembea. Moja. Mbili. Tatu. Amefika.

Alitoa penseli na kuandika hapo hapo, daftari likiwa juu ya goti. Tatu. Nilimwona yule mtu. Sikuita. Nilitaka Wakana akosee. Kisha akalipeleka kwa kocha, aliyekuwa anafunga mfuko wa mipira.

Kocha Masuda alisoma, akasoma tena. Akakaa juu ya mfuko.

"Mimi zilikuwa mbili," alisema.

"Nini, kocha?"

"Hatua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Katika bweni la timu nilikaa chumba kimoja na beki mwenzangu, Shindo. Alinifundisha mengi, na alicheza nafasi niliyoitaka. Siku moja nikamwona mtu nyuma yake, nikafunga mdomo. Tulifungwa. Shindo akawekwa benchi, mimi nikapewa nafasi yake, nikaicheza misimu sita. Unajua niliandika nini kwenye daftari langu usiku ule?"

Chinatsu alijua. "Nilikuwa mbali."

"Herufi kwa herufi. Ndiyo maana nililitambua lako. Kocha wangu hakuniuliza swali lolote. Laiti angeniuliza."

"Ulimwambia Shindo?"

"Baada ya miaka tisa. Alicheka, akasema yamepita. Kwake yalikuwa yamepita. Mimi katika misimu ile sita sikucheza hata mechi moja bila kujiuliza kama nafasi ni yangu." Alimrudishia daftari. "Fomu ya mkoa inaondoka kesho kutwa. Sijaandika jina. Lakini wewe kesho una kazi nyingine, na unaijua."

Aliijua, na ilimnyima hamu ya chakula cha jioni. Akisema, hatapelekwa. Asiposema, labda. Kocha hakumwambia atampeleka nani, wala hakumtishia. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi.

Asubuhi ya Jumapili, wakiwa wanafunga viatu kwa ajili ya mechi ya marudiano na Yaizu, Chinatsu alisimama mbele ya timu nzima.

"Wiki iliyopita nilidanganya," alisema. "Sikuwa mbali. Nilikuwa hatua tatu. Nilimwona yule mtu na sikumwita Wakana, kwa sababu nilikuwa namwonea wivu. Bao lile ni langu."

Genta, ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu azaliwe, aliangalia glovu zake.

"Hatua tatu?" Wakana aliuliza.

"Tatu."

"Nililia mpaka nyumbani. Kila siku wiki hii nimekuwa nikipiga mpira ukutani peke yangu huku nikigeuza shingo, nijifunze kutazama nyuma. Na wewe ulikuwa hapo!" Akachukua chupa yake ya maji akaenda kukaa mbali. Chinatsu hakumfuata. Alijua amestahili hasira ile.

Genta alikohoa. "Wakana," aliita, "na mimi nilikwambia umelala. Nisamehe."

Kocha akasoma majina. "Kati, Wakana. Kulia, Chinatsu."

Mechi ilikuwa ngumu. Wakana hakumtazama hata mara moja. Walikuwa wanaongoza moja bila, na mwishoni kabisa krosi ikaja kutoka kushoto, kana kwamba Yaizu wameihifadhi wiki nzima. Wakana akainua macho. Akina mama wakaanza kumshangilia kabla hajaruka, na wivu ukamkaba Chinatsu vile vile, haukupungua hata chembe. Na nyuma ya Wakana, polepole, yule yule mshambuliaji.

"Mtu nyuma!"

Sauti ilimkwaruza koo. Wakana hakusita, hakujiuliza kama ni kweli. Aligeuka mara moja, akaweka kifua, mpira ukatoka nje. Filimbi ikalia.

Baada ya kuinamia uwanja, kocha aliwaita wote wawili. Alimwambia Wakana kuwa jina lake ndilo litakalokwenda mkoani, na Wakana akainama. Kisha akamgeukia Chinatsu.

"Inauma?"

"Sana, kocha."

"Vizuri, usidanganye hata hapo. Nisikilizeni, nyote wawili. Beki hutazama mpira. Macho yake ya nyuma ni mwenzake. Ukimnyima mwenzako sauti, umemfumba macho, na timu nzima imeanguka naye. Wivu utakuja tena, Chinatsu. Ulikuja kwangu mpaka siku nilipovua viatu. Siwezi kukwambia usiusikie. Nakwambia hivi: ita kwanza, uone wivu baadaye. Mtu mwaminifu ndiye anayefanya hivyo hata pale ambapo hakuna atakayejua."

Jioni ile Chinatsu aliandika kwenye daftari lake: Leo nilimwona. Niliita. Niliona wivu pia. Wino mwekundu uliporudi Jumamosi ulisema: Nilikusikia mpaka kwenye benchi. Hivyo ndivyo beki anavyoanza.

Siku hiyo hiyo, mazoezi yalipoisha, alikuta tufaha juu ya mfuko wake. Wakana alikuwa ameshaondoka na hakuacha neno. Bado hakuwa anacheka naye.

"Aa, tufaha!" Genta alisema, ameshanyoosha mkono. "Si huwa umeshiba?"

"Toa mkono wako," Chinatsu alisema. "Hili langu."

Akalila lote, mpaka kwenye mbegu.