Magurudumu ya Mbele Yamelala

Gari lilizama katikati ya korongo la mchanga saa nane mchana, pale pale lilipopita asubuhi bila kusita. Asubuhi lilikuwa jepesi. Sasa nyuma, juu ya godoro, alilala mfuga nyuki aliyeanguka kutoka mtini akitundika mzinga. Paja lake lilikuwa limevunjika, limefungwa kati ya mbao mbili kwa vitambaa, na hata akiwa mzima mtu huyo si wa kubebwa na mtu mmoja.

Dada yake, fundi cherehani, alikaa mbele kando ya mumewe. Alihisi kitako cha gari kikishuka taratibu, kama ng'ombe anayelala. Mumewe, fundi rangi, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakalia, mchanga ukaruka, gari likakaa chini zaidi.

"Usikanyage tena," mkewe akasema.

"Subiri niweke ile gia fupi."

Gia fupi ilikuwa fimbo ndogo kando ya ile kubwa, ya kuyafanya magurudumu yote manne yavute. Pikapu hiyo waliinunua miezi minne iliyopita, na hawakuwahi kuihitaji mpaka leo. Akaivuta. Ikaingia vizuri, tak, kama komeo la mlango. Akaachia klachi polepole. Nyuma yakazunguka. Ya mbele yakatulia kana kwamba hayakuambiwa.

"Shemeji," sauti ikatoka nyuma, "kama umechoka, sema nishuke nisukume."

"Wewe lala. Ulipanda mti kama tumbili ukashuka kama embe, leo huna la kunifundisha."

Mfuga nyuki akacheka, kisha kicheko kikamgeukia kuwa maumivu. Alipozungumza tena hakuwa na mzaha.

"Dada, hebu tazama milimani."

Fundi cherehani akashuka, akatazama. Juu yao anga lilikuwa jeupe kwa jua. Lakini kule korongo lilikotoka, milima haikuonekana. Mahali pake palining'inia wingu jeusi lenye michirizi hadi chini.

"Inanyesha huko," akasema.

"Imenyesha muda mrefu. Maji ya huko hupita hapa. Nimeishi na korongo hili miaka tisa. Mna saa moja, labda pungufu."

Walijaribu kumtoa. Njia ya gari ya kupandia ukingo ilikuwa mbali kidogo mbele; hapo walipo ukingo ulikuwa na kimo cha watu wawili, udongo wake ukimomonyoka kila ulipokanyagwa. Walilishika godoro kwa pembe zake, wakaenda hatua nne, na hatua ya tano mfuga nyuki akazimia. Wakamrudisha garini. Dada mtu akamlowesha midomo kwa kitambaa mpaka macho yakafunguka.

"Pandeni juu nyinyi wawili," akasema. "Watoto wenu wana haja na nyinyi."

"Kunywa maji unyamaze."

"Dada."

"Nimesema kunywa."

Akamwachia chupa mkononi, akaenda mbele ya gari. Mumewe alikuwa amepiga magoti, anachimba mchanga kwa mikono, jasho linamdondoka puani. Alichimba kama mtu anayezika, bila kuangalia.

"Baba watoto, acha kwanza. Tukijua ugonjwa uko wapi ndipo tutajua dawa."

Kazini kwake, cherehani ikikataa kushona, hakuwa mtu wa kuipiga kofi. Alizungusha gurudumu kwa mkono, akafuata mkanda, akafuata ekseli, akafuata sindano, mpaka afike pale mwendo unapokatika. Sasa akatoa mfukoni chaki ya kuchoria vitambaa, akalala chini kwa ubavu. Akauona mhimili wa chuma unaotoka kwenye giaboksi kwenda mbele. Akauchora mstari mweupe, akatoka akasimama kando.

"Panda. Iache hiyo gia ndani. Achia klachi kidogo tu, halafu uikanyage tena."

Gari likatikisika. Akainama akatazama. Mstari ulikuwa umehama kutoka chini kwenda juu.

"Mhimili unazunguka," akasema. "Kwa hiyo giaboksi ni nzima. Nguvu inafika mbele, lakini haiingii kwenye magurudumu. Mwendo unakatika hapa katikati."

Akaweka kiganja juu ya kitovu cha gurudumu la mbele, kile kifuniko cha duara kinachotokeza nje. Kiling'aa kama sufuria mpya. Gari zima lilikuwa linang'aa hivyo. Mumewe alilipaka rangi wiki mbili mfululizo, mpaka majirani wakawa wanakuja kujitazama mlangoni mwake.

Fundi rangi alikitazama kifuniko kile, na uso wake ukabadilika.

"Kilikuwa na maandishi," akasema kwa sauti ya chini.

"Maandishi gani?"

"Sikuyasoma. Yalikuwa yameliwa na kutu. Na mshale. Na kulikuwa na ufa unaozunguka hivi." Akapitisha kidole mahali palipokuwa laini kabisa. "Nikaujaza puti ya kuzibia. Nikapiga msasa. Nikapaka rangi mikono mitatu."

Mkewe alimtazama. Kwa miaka ishirini na sita mtu huyu hakuwahi kuona ufa akauacha. Ndiyo maana watu walimpa nyumba zao. 

"Basi ule haukuwa ufa," akasema. "Ulikuwa mpaka wa kitasa. Kile cha katikati kinazungushwa, ndipo gurudumu linashikana na mhimili. Ulikifunga kwa uzuri tu. Sasa tukifungue."

Akaleta mkasi wake wa kukatia vitambaa, ule aliokatia suruali ya kaka yake asubuhi ile. Watoto wake hawakuruhusiwa kukata hata karatasi nao. Akachomeka ncha kwenye ukingo wa duara, akakwangua. Mumewe akachukua dumu la petroli ya akiba, akalowesha tambara, akasugua. Rangi ikavimba, ikatoka kwa magamba. Chini yake puti, chini ya puti ule mfereji mwembamba, na baada yake herufi zilizoliwa nusu na mshale. Mkasi ukakatika ncha. Akaendelea na iliyobaki.

Kitasa cha kushoto kiligeuka kwa koleo ya kubania waliyoitoa chini ya kiti, kikilalamika, mpaka mshale ukahamia upande wa pili. Cha kulia kiligoma. Koleo ikateleza mara tatu, na mara ya tatu ikamchana fundi rangi kifundo cha kidole.

"Kimoja hakitoshi?" akauliza.

"Kimoja ni kama mkasi wenye ubavu mmoja."

Upepo wa baridi ukapita korongoni, una harufu ya udongo uliolowa. Fundi cherehani akatazama chini. Kwenye shimo alilochimba mumewe, maji ya kahawia yalikuwa yanajikusanya kimyakimya.

"Shikeni mkanda wangu," mfuga nyuki akasema kutoka nyuma, akiuvuta kiunoni kwa mkono mmoja. "Suruali yenyewe dada kaimaliza. Zungusheni ngozi hapo, muibane na koleo, haitateleza."

Wakaizungusha. Fundi rangi akabana, mkewe akashika mikono ya mumewe kwa juu, wakaegemea pamoja kwa uzito wao wote. Kitu kikapasuka ndani. Waliogopa wamekivunja. Lakini ilikuwa rangi tu, na kitasa kikageuka.

Wakapunguza upepo wa matairi mpaka yakakaa mapana, wakatandika matawi makavu mbele yake. Sasa mlio ukasikika, kama mtu anamwaga kokoto mbali, bila kukoma.

"Endesha wewe," fundi rangi akasema. "Mimi nitasukuma. Ukipata mwendo usisimame."

"Na wewe?"

"Usisimame, mama watoto."

Akapanda, akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi kama anavyoachia kitambaa cha hariri chini ya sindano. Magurudumu ya mbele yakakamata. Alihisi kwenye usukani, kama mkono unaovuta mkono. Gari likajikongoja, likapanda matawi, likatoka. Akalielekeza kwenye njia ya kupandia ukingo.

Kwenye kioo aliona povu likija limebeba vijiti, kisha ukuta wa kahawia nyuma yake. Aliona mumewe anakimbia, maji yakimfika vifundoni, halafu magotini. Mguu wake ulitaka breki. Akaulazimisha kubaki pale ulipo, na machozi yakamzibia njia.

Mumewe alirukia mlango wa nyuma, akaupata kwa mkono mmoja. Mkono ukateleza kwenye ile rangi yake laini. Hapo mfuga nyuki, aliyekuwa hawezi kugeuka tangu alfajiri, akageuka. Akalia kwa sauti iliyomtoa mbayuwayu ukingoni, akamkamata shemeji yake kola ya shati, akaing'ang'ania.

Gari likapanda likiwa limeinua pua. Likafika juu. Nyuma yao korongo lote likajaa kutoka ukingo hadi ukingo, mti mzima ukapita pale gari lilipokuwa limelala, ukipinduka mizizi juu.

Fundi cherehani hakusimama mpaka mita mia mbili mbele. Aliposhuka akawakuta wamelala pamoja godoroni, mmoja amelowa, mwingine amepauka kama unga.  Alimshika mumewe kichwa kwa mikono miwili, akambonyeza paji la uso kwa paji la uso wake, kisha akarudi kwenye usukani. Mumewe hakuuomba.

Walifika hospitali jua likiwa linaelekea kuzama. Wahudumu wawili wakaja na kitanda cha magurudumu. Wakashika miguu, wakashika mabega, lakini mgonjwa hakutoka, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa bado umekunja kola ya fundi rangi.

"Baba, mwachie huyu tukuhamishe," muuguzi akamwambia kwa upole.

Mfuga nyuki akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Dada," akasema, "zima gari kwanza."

Akazima. Vidole vikafunguka kimoja kimoja.