Hema Lililotazama Bahari

Maiti ilikuwa imelala vizuri kupita kiasi. Chali, mikono kifuani, blanketi hadi kidevuni, na pembeni jiko la mkaa lililozimika. Nani duniani hulala hivyo? Inspekta aliinama mlangoni mwa hema, akatazama kwa dakika nzima, kisha akatoka akipiga chafya.

"Moshi wa mkaa, afande," konstebo alisema. "Alijifungia, akawasha jiko, akalala. Basi."

"Basi? Siku hizi wewe ni daktari?"

Pale kituoni vijana walimwita Inspekta huyu Shangazi, nyuma ya mgongo wake, maana alikuwa na ulimi wa shangazi aliyekuja kukagua jiko la mke wa mpwa wake. Alijua wanavyomwita, na jina lilimpendeza.

Marehemu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi. Kazini kwake walimwita Fundi Hema. Kampuni yao ilipangia watu safari za magari kupitia pwani na msituni, siku saba, vituo sita vya kulala kwenye mahema. Yeye kazi yake ilikuwa kutangulia. Alilala kila kituo kabla ya mteja yeyote, peke yake, kisha akaandika panafaa au hapafai, na kusaini.

Shangazi aliona mambo hayo ni wazimu mtupu. Mtu ana kitanda chake, ana chandarua chake, anakwenda kulala juu ya mizizi, tena analipia! Lakini mtu aliyeijua kazi yake hakumdharau. Ndiyo maana hema lile lilimkera. Upepo wa baharini uliingia moja kwa moja mlangoni, likavimba, likatikisika, na kigingi kimoja kikachomoka mchangani mbele ya macho yake.

"Piga picha kila kigingi," alimwambia konstebo. "Kimoja kimoja."

"Vigingi, afande?"

"Hukunisikia au hukunielewa?"

Alasiri ile daktari wa maiti hakumzungusha. "Damu haina sumu ya moshi. Jiko liliwashwa akiwa ameshakata roho. Fuvu limepasuka hapa, nyuma ya sikio. Kitu butu, kizito."

"Nyundo ya mbao, ya kupigilia vigingi?"

"Inawezekana sana."

Kwenye vifaa vya marehemu kila kitu kilikuwepo, isipokuwa nyundo.

Mkuu wa kituo, yeye, alikuwa ameshamaliza upelelezi bila kuinuka kitini. "Mumewe ni dereva wa kampuni hiyo hiyo. Ndiye aliyempeleka ufukweni, ndiye aliyemkuta. Jana asubuhi walisikika wakigombana. Kesho saa nne nampandisha kizimbani kwa mauaji. Unataka nini tena?"

"Nataka aliyeua, mkuu."

"Usinitanie, Inspekta."

Dereva aliketi mahabusu bila mkanda, suruali ameishika kwa mkono. Alikuwa na watoto wawili nyumbani waliokuwa bado hawajaambiwa lolote, na kesho saa nne wangempoteza na baba.

"Mligombania nini?"

"Kituo cha tatu. Kile cha msituni."

"Kina nini?"

"Ni mkondo wa maji, Inspekta. Mvua ikinyesha kule juu milimani, maji yanapita pale pale palipopangwa mahema. Mke wangu aliandika hapafai, mara mbili. Bosi akasema picha ya pale ndiyo iko kwenye jalada la kitabu chake, haibadilishwi. Mimi nikamwambia asaini tu yaishe, tusije tukafukuzwa wote wawili. Akanikasirikia."

"Ukampiga nyundo."

"Nikamshusha ufukweni saa kumi jioni, nikarudi kwa watoto. Asubuhi nikamkuta." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hema lile hakulipiga yeye."

"Unajuaje?"

"Vichwa vya vigingi vilikuwa vimelalia kwenye hema. Kigingi unakilaza kichwa nje, kamba ikivuta ndiyo kinashika. Halafu mlango umetazama bahari! Upepo wote ule? Mke wangu bora angelala juu ya mti."

"Mkuu wa kituo umemwambia?"

"Alisema nisimfundishe kazi."

Shangazi akaguna. Kigingi kile kilichochomoka kilikuwa bado kinamwasha akilini.

Ofisi ya kampuni ilijaa picha za machweo. Bosi alikuwa kwenye kiti cha kuzunguka, amevaa fulana yenye mifuko kumi na mbili, yote mitupu. Wafanyakazi walimwita Bwana Mandhari. Juu ya kabati aliweka buti zake za porini, na Shangazi akazipindua. Soli zake ungeweza kupakulia chakula.

"Pole kwa msiba," alisema.

"Pengo lisilozibika," Bwana Mandhari alijibu, macho akiyainua darini. "Msitu umepoteza binti. Msitu, Inspekta, ni mama. Ukiulalia kifuani—"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, nikiandika. Karani wangu ni shahidi."

Karani, mama mmoja mnene mwenye miwani, hakuinua uso. "Mimi nilitoka saa kumi na nusu, bosi. Nawe ulikuwa unatafuta ufunguo wa gari."

"Nilikuwa nautafuta tu!"

"Hemani umelala mara ngapi maishani?" Shangazi akauliza.

"Mara zisizohesabika! Nimeandika kitabu." Akamsukumia kijitabu chenye jalada la msitu. "Watu wananialika kumbini kuzungumza."

Debe tupu, Shangazi aliwaza, na akatoka bila kukichukua.

Asubuhi ya pili, saa mbili, uani kwa polisi kulikuwa na mahema matatu chini, yamekunjwa, na watu watatu wamesimama mbele yake: dereva, karani, Bwana Mandhari. Askari walijipanga ukutani na vikombe vya chai.

Mkuu wa kituo alitoka mbio. "Hiki ni kituo cha polisi au kambi ya skauti?"

"Nusu saa, mkuu. Mahakama ni saa nne."

"Ukishindwa, Inspekta, utakwenda kuongoza magari barabarani."

"Nitakwenda na filimbi yangu." Akawageukia wale watatu. "Haya. Kila mtu asimamishe hema lake kama la kulala leo. Nyundo zile pale."

Karani aliingiza ufito mmoja, hema likamfunika, akabaki humo ndani akicheka na kuomba msaada. "Nitoeni jamani! Mimi ni wa kupiga chapa!"

Dereva alitazama upepo unakotoka, akauelekezea mgongo wa hema. Vigingi akavilaza vichwa nje, akakaza kamba, dakika saba akawa amemaliza. Kisha akachuchumaa pembeni, akalia kimya kimya, na askari wakaacha kunywa chai.

Bwana Mandhari alitoka jasho. Hema lilimwangukia mara mbili. Mara ya tatu likasimama, limepinda, naye akajishika kiuno.

"Samahani, Inspekta. Bahari iko upande gani?"

"Ya nini?"

"Mlango. Mlango siku zote hutazama bahari, uamke na mandhari."

"Kule. Nyuma ya choo cha askari."

Na Mungu ni shahidi, mtu yule alilizungusha hema zima mpaka mlango ukatazama choo. Askari mmoja alilazimika kwenda kucheka nyuma ya gari.

"Ndivyo kilivyoandikwa kitabu chake," karani alisema, akijitoa kwenye turubai, miwani imepinda. "Nilikichapa mwenyewe."

Shangazi hakucheka. Alitoa picha za ufukweni, akazishika karibu na hema lile. Vichwa vya vigingi vimelalia ndani, vyote. Kamba zimefungwa kama kamba za viatu, fundo na vitanzi viwili, zote. Mkuu wa kituo alisogea, akatazama picha, akatazama hema, akatazama picha tena.

"Hebu nione kiganja," Shangazi alisema.

"Cha nini?"

"Kifungue."

Kulikuwa na malengelenge mawili yaliyopasuka, yameanza kukauka.

"Haya si ya leo."

"Bustani," Bwana Mandhari alisema haraka. "Nalima bustani nyumbani."

"Karani, bosi wako ana bustani?"

"Anakaa ghorofa ya nne, Inspekta."

Konstebo alirudi akikimbia kutoka barabarani, ambako alikuwa akilipekua gari la Bwana Mandhari kwa kibali. Mkononi alishika mfuko wa ushahidi. Ndani yake mlikuwa na nyundo ya mbao, imeviringwa kwa taulo.

"Chini ya tairi la akiba, afande. Ina damu. Na nywele."

Njia ya mwongo ni fupi. Bwana Mandhari alikaa chini palepale, mbele ya mlango wa hema lake.

Alipoonywa kuwa lolote atakalosema litaandikwa, alilisema lote, na tena kwa manung'uniko, kana kwamba ni yeye aliyedhulumiwa.

"Alisema hatasaini kituo cha tatu mpaka mimi mwenyewe nilale usiku mmoja kwenye hema nililolipiga kwa mikono yangu. Nikaona nimridhishe. Nikamfuata ufukweni kwa gari langu."

"Halafu?"

"Akanipa nyundo. 'Haya bosi, piga.' Nikapiga. Likaanguka. Nikapiga tena. Likaanguka. Akacheka."

"Akacheka tu?"

"Alicheka mpaka akakaa mchangani! Ananicheka mimi! Kesho yake ofisi nzima ingejua, keshokutwa wateja. Halafu akanyanyuka, akanipa mgongo, akaenda kwenye mkoba wake, bado anacheka. Nilitaka anyamaze tu."

"Ukamnyamazisha. Kisha?"

"Nikamaliza kupiga hema. Nikamweka ndani, nikawasha jiko lake."

"Maiti ipo pembeni, nawe unafuata maelekezo ya kitabu."

"Nilikikumbuka kwa kichwa."

"Umewahi kulala porini hata siku moja?"

"Siwawezi mbu," alisema.

"Na wateja wako wanaokuja Ijumaa ungewalaza kwenye mkondo wa maji?"

"Mvua hainyeshi kila siku, Inspekta."

Shangazi aliweka kalamu chini. Katika miaka ishirini na mitatu alikuwa ameketi na wezi, wabakaji na wachoma nyumba, na wengi walimtia hasira au huruma. Huyu alimtia kinyaa. Alimsogezea karatasi asaini, kisha akaifuta kalamu kwa leso kabla ya kuirudisha mfukoni.

Walikutana kaunta, yule anayetoka na yule anayeingia. Dereva alikuwa akirudishiwa mkanda, simu na funguo. Bwana Mandhari alikuwa akitoa saa, pete, na fulana yake ya mifuko kumi na mbili.

"Kwa nini?" dereva aliuliza. Hakumwuliza muuaji, alimwuliza Shangazi.

Shangazi hakuwa mtu wa kupaka maneno sukari. "Alishindwa kupiga hema. Mkeo akamcheka. Akaona angemtangaza."

Dereva aliacha mkanda ukining'inia.

"Amtangaze?" alisema. "Siku yangu ya kwanza kazini hema liliniangukia kichwani. Alinicheka mpaka akakaa chini. Kila mgeni kazini alimcheka hivyo, wazee kwa vijana, na hakuna aliyewahi kusikia habari zake mahali pengine. Akimaliza kucheka ananyanyuka, anakwenda kwenye mkoba, anatoa kamba ya mazoezi, anakukalisha na kukufundisha taratibu mpaka ujue. Mimi nilimpendea hapo."

Akamgeukia Bwana Mandhari kwa mara ya kwanza.

"Alipokupa mgongo, alikuwa anakuletea kamba."

Askari wa zamu akamwambia Bwana Mandhari avue viatu.