Mzambarau Uliobaki Manga

Linda aliamka na ulimi wa zambarau, na haukuwa msimu wa zambarau. Persis, mama yake, aliusugua kwa kitambaa mpaka mtoto akalia, wala rangi haikutoka. Hata ungekuwa msimu, angezila wapi? Mzambarau-mwitu wa nyuma ya nyumba, uliolisha watoto na ndege tangu enzi za mababu, Bosire mumewe alikuwa ameuangusha mwezi uliopita apande mikaratusi. Persis alimsihi auache. Nguzo zina soko, alisema. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha nyumba ikaanza kunuka matunda yaliyoiva kupita kiasi, hata kwenye ugali. Matunda yakasikika yakidondoka juu ya mabati, ambapo hapakuwa na tawi. Linda akaacha kula, akaacha kuitikia jina lake, akawa anashinda juu ya kisiki, mikono ameinua, jua limwakie, mvua imnyeshee, na hua wanatua mabegani mwake wasiogope kitu, na Persis akimshika mkono anakuta umekakamaa na ngozi inakwaruza kama gome.

Mchungaji aliomba, akachoka. Persis, Msabato tangu tumboni, akameza aibu akaenda Nyamira mjini kwa Abdirashid, muuza dawa za miti shamba. Mzee alikuja, akasoma dua, akamsikiliza mtoto akinong'ona kwa sauti isiyo yake. Halafu akamvuta Persis kando.

"Mama Linda, huyu aliye ndani ya mtoto hakuja kwa ubaya. Mlimvunjia nyumba, akaingia iliyo karibu. Nikimtoa bila kumpa mti kama ule, ataondoka na mtoto."

Wakatafuta. Kila kilima ni chai, migomba na mikaratusi, na Persis, ambaye hajawahi kuihesabu mikaratusi kuwa adui, sasa aliichukia mmoja mmoja. Hatimaye wakasikia kwamba mzambarau-mwitu mmoja umebaki kilimani Manga, ukingoni mwa jabali. Bosire akambeba bintiye mgongoni.

Ulikuwa mkubwa, umesheheni majani. Abdirashid alipoanza kusoma, majani yote yakatikisika, na upepo haukuwepo. Linda akatazama juu kwa muda mrefu, tawi kwa tawi. Kisha ile sauti nzito ikatoka kinywani mwake.

"Hapa pamejaa. Wa vilima vyote wamekimbilia hapa."

Abdirashid alifunga kitabu chake cha dua. Persis alimsihi asome tena, akapiga magoti, akashika kanzu yake. Mzee alitikisa kichwa tu.

Vidole vikavu vikaushika mkono wa Persis.

"Mama," ile sauti ikasema kwa upole, "turudi nyumbani."