Jina Lililochujwa

Kila siku baada ya masomo ya alasiri, Ciku Muigai alivuka uwanja wa shule yao mjini Eldoret akaenda kwenye chumba cha kompyuta. Alipanguza vumbi mezani, akafunga dirisha la upande wa barabara, kisha akaketi kwenye mashine iliyokuwa karibu na mlango. Alikuwa darasa la saba, na katika chama cha kompyuta hakuna aliyemfikia.

Muhula huo wa mwaka wa 2014, mlezi wa chama, Mwalimu Chepkorir, alimpa kazi kubwa. Habari za wanafunzi wote zilikuwa zimeingizwa katika hifadhidata, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta, lakini mwalimu aliyetaka majina ya darasa moja alilazimika kupekua ya shule nzima. Ciku aliambiwa atengeneze ripoti itakayouliza maswali kabla ya kufunguka: darasa gani, mtaa gani. Maswali yawe ya hiari. Mwalimu akijibu, apate wale anaowataka tu. Akiacha kisanduku cha jibu wazi, apate wote.

Mwanzoni, kisanduku kilipoachwa wazi, hakuna jina lililotokea, kwa sababu kompyuta ilitafuta mwanafunzi asiye na darasa. Ciku alihangaika mpaka akaelewa kwamba lazima aiambie mambo mawili: mchukue mwanafunzi ikiwa darasa lake linalingana na jibu, au ikiwa hakuna jibu lililoandikwa. Mwalimu Chepkorir alifurahi sana, akamwachia ripoti zote azitunze.

Kisha ikafika siku ya wazazi. Kipyego, mvulana aliyekuwa amehamia darasa lao kutoka Turbo, alikuja na baba yake. Ciku alimtambua mtu yule mara moja. Yeye alikuwa na umri wa miaka sita wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka wa 2007, na walikuwa wakiishi Turbo. Alikumbuka alivyojibanza nyuma ya ua pamoja na mama yake, nyumba yao ikiwaka, na mtu huyu akimtoa ng'ombe wao langoni kwa kamba, bila haraka, kama anayemtoa wake mwenyewe. Sasa alikuwa ameketi na wazazi wengine, akinywa soda.

Siku hiyohiyo Ciku aliongeza sharti moja kwenye ripoti. Kisanduku chochote kikiachwa wazi, watoke wote isipokuwa Kipyego.

Darasa la saba na la nane walipokwenda Moiben kutazama ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, jina la Kipyego halikuwemo kwenye orodha ya ripoti. Alibaki langoni na chakula chake mkononi. Ciku alimtazama kupitia dirisha la basi, akatamani yule baba angekuwepo aone. Vitabu vipya vilipogawiwa, Kipyego alikosa tena. Walimu walidhani ni kwa sababu alikuwa mgeni. Yeye hakulalamika, na jambo hilo lilimuudhi Ciku zaidi. Alitaka amwone akilia.

Yakafuata mashindano ya mbio za nyika. Mwalimu Elphas, aliyekuwa ameanza kufundisha michezo hivi karibuni, alifungua ripoti ya afya apate majina ya wasioruhusiwa kukimbia. Ripoti hiyo ilichota majina palepale Ciku alipoweka sharti lake. Mwalimu aliacha visanduku wazi, akachapisha. Kipyego alikuwa na pumu, lakini hakutajwa. Naye alinyamaza, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikuwa amehesabiwa pamoja na wenzake.

Ciku alisimamishwa kwenye kona ya mwisho, penye mikaratusi, awaonyeshe wakimbiaji njia. Wote walipita. Nyuma kabisa akaja Kipyego, akishikilia waya za ua, kifua kikipiga mluzi. Aliketi chini.

Wacha aonje, Ciku aliwaza. Akasimama na bendera yake, akimtazama.

Kipyego alijaribu kusema. "Dawa," alisema kwa shida. "Iko kwa Matron."

Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Hapo Ciku akatambua kwa nini Kipyego aliruhusiwa kukimbia: sharti lake lilikuwa limemwondoa kwenye orodha ya wagonjwa. Alitupa bendera akakimbia kuita msaada. Matron Angeline, mwangalizi wa afya ya wanafunzi, alikuja na dawa ya kuvuta, kisha gari likampeleka Kipyego hospitalini. Alipona, lakini daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangempoteza.

Kesho yake Mwalimu Elphas aliitwa kwa mwalimu mkuu. Ciku, akipita nje, alimsikia akiapa kwamba alisoma ripoti na jina halikuwemo. Mwalimu mkuu hakumwamini. Ciku alibisha mlango, akaingia, akaeleza yote.

Baba yake, Mzee Muigai, aliitwa kutoka West Indies, mtaa wa mjini humo walikokuwa wakiishi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni yeye, Baba. Nilimwona," Ciku alisema.

"Najua ni yeye. Nilimshtaki kituo cha polisi, nikaandika jina lake na langu. Kesi haijasonga, na bado naifuatilia. Lakini huyu kijana, siku ile alikuwa na umri gani?"

Ciku alihesabu miaka. Kipyego alikuwa rika lake.

Ciku alisimamishwa kwenye chama hadi mwisho wa muhula. Kabla ya hapo, aliondoa sharti lile mbele ya walimu, na tangu wakati huo hakuna ripoti iliyotumika kabla ya kukaguliwa. Kisha Mwalimu Chepkorir akampeleka hospitalini. Ciku alimweleza Kipyego alichofanya, na sababu yake.

"Nilidhani ni shule nzima hainitaki," Kipyego alisema.

Walipokuwa wakitoka, Ciku alilia. Mwalimu Chepkorir alimketisha kwenye benchi.

"Sikuambii usikasirike," alisema. "Mlitendewa uovu, na una haki ya kudai. Lakini dai kama baba yako, waziwazi, kwa yule aliyekosa. Wewe ulilipiza kwa siri, na kipigo kikampata mtoto asiyejua kitu. Na wale walioamini kazi ya mikono yako uliwafanya wakusaidie bila kujua."

Ciku hakumsamehe baba yake Kipyego siku hiyo, wala mwalimu hakumtaka amsamehe. Alifuta machozi, akamwomba mwalimu wapitie shuleni. Mwalimu Elphas alikuwa bado yuko, na Ciku hakuwa amemwomba radhi.